Kaseti Isiyovunjwa Meno

Nyinyi hamjawahi kuvunja meno ya kaseti, na siwalaumu. Mlipopata akili zenu, kaseti zilikuwa zimeshastaafu kabla yangu, tepu zake zikivutwa kwenye mabonde ya mpunga kutishia ndege. Basi nitawaeleza, maana bila ya hilo hamtanifahamu nitakayoyasema mbele.

Mgongoni mwa kaseti palikuwa na vijipande viwili vya plastiki, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ukikivunja kimoja, mashine haikubali tena kurekodi juu ya upande ule. Ukikiacha, yeyote anayepita na haraka zake aweza kubonyeza kitufe chekundu akafuta kila kilichokuwemo. Fundi mitambo wetu, Faki, akiviita meno. "Kaseti yenye meno hula," alikuwa akisema, na hapo hapo anatoa ufunguo wa kabati mfukoni, anachokoa, tak, kijipande kinaruka chini ya meza. Sakafu ya studio yetu ilijaa meno ya kaseti. Aliyefagia nilikuwa mimi.

Zuwena, anayesimamia vipindi vyenu hivi sasa, ameniomba niwaandikie nyinyi wapya kuhusu Tua Mzigo, kwa kuwa ndicho kipindi nilichokianzisha na ndicho mnachokirithi. Nilitaka kukataa. Mtu akishastaafu hupenda kuachwa na mbatata zake jikoni. Lakini mwezi uliopita limetokea jambo, nalo limenitoa jikoni likanikalisha mezani, na meza yenyewe ina mguu mmoja mfupi, kwa hivyo mkiona maandishi yanapanda na kushuka, ni meza.

Redio yetu wakati ule ilikuwa chumba kimoja na nusu hapa Chake, juu ya duka la vitambaa la Bwana Kanji. Hicho kimoja kilikuwa studio, na nusu ilikuwa ofisi, stoo na pahala pa kuchemshia chai. Mimi nikisoma habari, matangazo ya vifo, salamu na bei za samaki. Faki akifanya kila chenye waya. Alikuwa mtu wa kisiwani Fundo, mrefu, mkimya, ana kicheko kidogo kinachotokea puani, na mkono wake wa kushoto kifundo hakikunji. Ujana wake alikuwa mpiga udi wa harusini, tena wa kuitwa mpaka Unguja. Msimu mmoja akaanguka kutoka juu ya mkarafuu, akaangukia mkono. Waliomtengeneza walimtengeneza walivyoweza. Mfupa ulishika, lakini wepesi haukurudi.

Siku moja Bwana Kanji akatupandia na boksi la kaseti. Binti yake anayeishi ng'ambo alikuja likizo nazo, kumbe huko watu hukaa kitako, wakafumba macho, wakavuta pumzi, na muziki huo unapigwa pembeni wapate kutulia. Ndani mlikuwa na filimbi, vinanda vya nyuzi, kengele zinazolia moja moja, mvua, maji yanayotiririka. Hakuna anayeimba. Bwana Kanji alisema dukani kwake unamtia mteja usingizi, hanunui. Faki akatia moja kwenye mashine, akasikiliza dakika tano nzima bila ya kupepesa, kisha akasema:

"Riziki, huu muziki hauna haraka. Hawa wote washaanguka mkarafuu kama mimi."

Ndivyo tulivyoanza. Nusu saa, kila siku, baada ya watu kuswali alasiri na kabla hawajaingia kwenye shughuli za jioni. Muziki usio maneno. Tukakiita Tua Mzigo, kwa kuwa ndiyo saa ambayo mama anarudi bondeni ana kuni kichwani, na mchukuzi wa bandarini Wesha anatafuta pa kuegemea. Nilijiona nimevumbua kitu kikubwa. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza, saa kumi na nusu, watu wamezoea kusikia nyimbo za salamu, "nampelekea shemeji yangu wa Konde" na kadhalika. Mimi nikazima zile nyimbo ghafla, nikaweka filimbi. Filimbi peke yake, polepole, na kengele moja nyuma yake. Sasa nyinyi ni watoto wa nchi hii, niambieni: redio ikikata nyimbo ghafla ikaanza kupiga muziki wa pole usio maneno, maana yake ni nini?

Naam. Kafa mkubwa.

Mimi sikulifikiria kabisa. Nimekaa na macho nimefumba, navuta pumzi kama watu wa ng'ambo, nasikia milango ya maduka inafungwa barabarani, ga ga ga, nikadhani mvua inakuja. Simu ikalia. Mtu wa Wete.

"Bi Riziki, nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba. Ni kipindi kipya."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa: "Basi, mama. Kama hamjaruhusiwa kusema, sisi tushafahamu."

Kila nilivyokanusha ndivyo msiba ulivyothibiti. Wesha wachukuzi waliacha mizigo chombo kikiwa nusu, wakakaa juu ya magunia na kofia zao mkononi. Shehe wa msikiti wa mtaa wetu alipanda ngazi anahema, akauliza kwa adabu tumswalie nani. Na Bwana Kanji mwenyewe, mwenye kaseti, alifunga duka lake akaja juu kutupa pole. Faki alikuwa amejiinamia nyuma ya mashine, anacheka kwa pua mpaka machozi. Ikanibidi nifungue kipaza sauti niwaambie watu ukweli, lakini kwa hofu sauti yangu ilitetemeka hivi kwamba mama yangu kule Micheweni, aliponisikia nasema "hakuna aliyefariki," aliangua kilio.

Kutoka siku ile Faki akanitungia maneno ya kufungulia kipindi, na msiyabadilishe hata mkiona ya kizamani: "Asalaam alaykum. Wazima sote, hajafa mtu. Tua mzigo." Watoto wa skuli wakawa wanayasema njiani. Mtu akimkuta mwenzake kanuna, anamwambia, "Wazima sote, hajafa mtu." Nilikuwa nikiyasikia sokoni najivuna, kumbe yametokana na upumbavu wangu.

Kaseti za Bwana Kanji zilikwisha baada ya miezi. Unaweza kumpigia mtu mvua ya ng'ambo mara ngapi, na yeye ana mvua yake inampigia bati bure? Faki akasema tutafute za kwetu. Tukawa tunatoka na mashine ndogo ya kurekodia, ile ya kuning'iniza begani, na kipaza sauti kilichovikwa soksi ya mtoto kisile upepo. Soksi ni dawa mpaka leo. Hivyo vifuniko vyenu vya duka vinakatika, soksi haikatiki. Tulirekodi wanawake wanachambua karafuu juu ya mkeka, ile sauti ya vikonyo vinavyoachana na karafuu, mamia kwa mamia, mwanana kabisa. Ukiisikia redioni hujui ni nini, unatulia tu. Mzee mmoja alinipigia kuniambia kwamba ameisikia akaona harufu.

Kwenye mwani kule Micheweni tukakwama. Wale wanawake wakiwa peke yao majini, wana namna ya kuguna na kuitikiana huku wanafunga vijiti, si wimbo wala si mazungumzo, na mtu akiwasikia roho inampoa. Lakini wakituona na mashine, wanakuwa wageni rasmi. "Twashukuru serikali," mmoja akaanza. Mara tatu tulikwenda, mara tatu tukarudi na shukurani za serikali.

Mara ya nne Faki akaiwasha mashine, akaiweka juu ya jiwe, akaifunika kanga yangu, akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Haya Bi Riziki, twende tukanywe chai, hawa watu wana kazi zao." Tukaenda kweli, tukakaa kwa mama yangu mpaka upande wa kaseti ukaisha. Tuliporudi, yote yalikuwa ndani. Wakati ule ule Faki akawaendea, akawaambia tumewarekodi, akawasikilizisha, akawauliza kama wameridhika. Wakacheka, wakakubali, isipokuwa mmoja aliyemsema mkwewe, tukamkata. Sheria ya Faki ilikuwa hiyo: unaweza kumwibia mtu sauti, lakini umrudishie siku ile ile kabla jua halijatua, aseme ndiyo au hapana.

Mimi hiyo sehemu ya mwisho ndiyo niliyokuja kuivunja.

Faki hakukubali kurekodiwa. Udi alikuwa nao, anauning'iniza nyuma ya mlango wa studio ndani ya mfuko wa kitambaa cha godoro, na akiupiga kwa kazi moja tu, kujaribia vipaza sauti. Kila kabla ya kurekodi mgeni, anakaa kwenye kiti, anapiga kidogo, anatazama mshale wa mashine unavyopanda, anarekebisha, basi. Lakini zile kidogo zake, wanangu! Kwa kuwa kifundo hakikunji, hakuweza tena zile mbio za harusini. Akawa anapiga noti moja, anaingojea imalizike, ndipo anaiendea nyengine. Palikuwa na kipande kimoja alichokirudia sana, hakina jina, kinaanza chini kama mtu anayeuliza kitu kisha akaona haya. Tua Mzigo nzima, filimbi zote na mvua zote, nilikuwa nikizipanga zifanane na kipande kile, na chenyewe sijakipiga hewani hata siku moja.

Nilimwomba mara nyingi. Alinijibu vile vile. "Mkono huu si wa kurekodiwa, Riziki. Watu wananijua nilivyokuwa."

"Watu wanataka kukusikia ulivyo."

"Wewe ndiye unayetaka."

Kweli, mimi ndiye niliyetaka. Watu walisema mengi kuhusu mimi na Faki, na niwatoe wasiwasi: yeye alikuwa na mke wake Fundo, mimi nina marehemu mume wangu aliyeninunulia redio ya kwanza. Hapakuwa na kitu cha kusema. Palikuwa na miaka kumi na minane ya kukaa chumba kimoja na mtu anayesikia unachokisikia. Hilo sikulipata kabla yake na sijalipata tena.

Siku moja mchana nikaamua. Tulikuwa tunamngoja mgeni wa saa kumi na moja, na nilijua Faki atajaribu kipaza sauti. Nikaiwasha mashine ndogo, nikaiweka juu ya rafu kati ya mafaili, nikaifunika kanga. Nikasema kwa sauti: "Faki, nashuka kununua mkate wa kumimina, ule wa jana umekauka." Nikashuka. Nikakaa kwa Bwana Kanji nachagua kitambaa nisichokitaka, nasikia udi unakuja kwa juu ya dari. Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa nikamsikia anashuka ngazi kwenda msikitini. Nikapanda. Upande wa kaseti ulikuwa umekwisha wenyewe, mashine imejizima.

Niliisikiliza nyumbani. Kipande kizima, dakika kama tisa, chote. Sikumbuki mara ngapi nilikisikiliza mwaka ule. Uzi wa mwisho ukishalia nabonyeza, narudisha nyuma, naanza tena.

Hapa niseme kuhusu kidole changu. Faki akikiita kidole chenye njaa. Muziki ukisita tu, mimi nishabonyeza. Na yeye hilo ndilo lililokuwa likimuudhi kuliko yote kazini, hata kuliko waya zilizofungwa ovyo. "Ngoja," alikuwa akiniambia. "Kipande hakijesha. Kile kimya cha nyuma ni chake pia. Mwache mtu atoke taratibu, unamfungia mlango kisigino kingali ndani." Akinishika mkono kabisa, juu ya mkono wa gauni, mpaka kile kimya kiishe kwa kipimo anachokijua yeye. Nikamtii mbele yake. Nyumbani, peke yangu, kidole kikala.

Mtaniuliza, kwa nini hukuivunja meno? Nilikuwa na sababu, tena niliiona ya akili. Faki alijua kwamba sivunji meno mpaka yeye anilazimishe. Angeiona kwangu kaseti iliyovunjwa bila ya kuambiwa, angeniuliza ina nini humo. Nilikusudia kumsikilizisha mwenyewe, kwa wakati wake. Nikasema sikukuu. Sikukuu ikaja, nikaona kachoka. Nikasema tutakapotimiza mwaka fulani wa kipindi. Ukatimia, nikaogopa. Niliogopa ataniambia "ifute," na mimi ningelazimika kuifuta, kwa sababu sheria ilikuwa yake na ilikuwa ya haki. Kaseti ikawa inakaa ndani ya mkoba wangu, pamoja na kitambaa cha jasho na pipi za kikohozi, inakwenda kazini na kurudi.

Kisha Faki akaugua. Siku tisa tu. Siku ya nane nilikwenda kumtazama hospitali, na mashine ndogo nimeichukua, nimeazimia. Nikamkuta amelala. Mkewe akasema, "Kalala sasa hivi, Bi Riziki, tangu jana hakupata usingizi." Nikakaa kidogo pembeni ya kitanda. Ule mkono usiokunja ulikuwa juu ya shuka. Nikasema nitakuja kesho.

Alfajiri yake nikapigiwa simu.

Sisi wanawake hatwendi makaburini. Wanaume walimchukua Faki wakavuka naye kwenda kumzika Fundo, na sehemu yangu ya maziko ikawa ni kulisoma tangazo. Mkuu wangu wa kazi alitaka kumpa mtu mwengine, nikakataa. Nikasema, maelfu nimewasomea, huyu simwachii mtu. Lakini nilijua sauti haitasimama, kwa hivyo nikaona bora nilirekodi kwanza, kisha lipigwe kila saa. Nikamimina mkoba juu ya meza natafuta kitambaa cha kufutia macho. Kaseti ikatoka. Nikaichukua, nikaitia, nikabonyeza kile kitufe chekundu.

Wallahi sikuiona. Macho yalikuwa yamejaa.

Mara ya kwanza nilifika kwenye jina lake nikashindwa. Nikaanza tena bila ya kurudisha nyuma. Mara ya pili nikafika kwenye jina la baba yake. Mara ya tatu nikakohoa. Mara ya nne nilisema "wazima" badala ya "wazazi," sijui limetoka wapi. Mara ya tano nikaliweza, mpaka "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikabonyeza, nikalihamishia kwenye mashine kubwa, likapigwa.

Saa kumi na nusu ilipofika nikaingia kwenye Tua Mzigo. Nikafungua kipaza sauti. "Asalaam alaykum." Yale maneno yanayofuata mnayajua. Sikuweza kusema hajafa mtu. Nikasema tu, "Tua mzigo," nikaweka wale wanawake wa mwani. Siku ile simu haikulia hata mara moja.

Baada ya khitma ya siku ya saba nikafunga mlango wa chumba changu, nikatoa kaseti, nikakaa kitako kumsikiliza Faki. Nikasikia sauti yangu. Nikadhani nimekosea upande. Nikageuza, nikarudi. Sauti yangu, inaanza, inakatika, inaanza, inakatika. Nikaenda mbele mpaka mwisho wa ile mara ya tano, nikiomba Mungu hata uzi mmoja uwe umesalia. Palikuwa na kimya. Nikakisikiliza labda nusu dakika, kidole kikanishinda, nikabonyeza.

Nilikuwa nimemfuta Faki kwa tangazo la kifo chake.

Sijawahi kumwambia mtu mpaka leo mnaposoma. Nilichukua ufunguo nikavunja jino la kaseti ile, kwa hasira, kwa nguvu hata ufunguo ukanichana kidole. Kulikuwa na faida gani? Hakuna. Nilikuwa namtii mtu aliyekwisha kuondoka. Kisha nikaitupia kwenye debe la biskuti pale stoo, pamoja na kaseti nyengine, kwa kuwa nyumbani sikuweza kukaa nayo. Nikaendelea na kazi miaka mingi. Mashine zikabadilika, kaseti zikaenda, ikaja kompyuta, na mimi nikajifunza kukata sauti kwa kuitazama badala ya kuisikia, jambo ambalo bado naliona la ajabu. Udi ulirudishwa Fundo kwa mkewe. Nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na kanga doti mbili. Nashukuru. Lakini kila saa kumi na nusu, hiyo saa yenu inaponionyesha, nilikuwa nikitamani kitu kimoja tu, dakika tisa za mkono mbovu wa yule mtu.

Sasa ndilo jambo la mwezi uliopita.

Mnahamia jengo jipya, na Zuwena akaamua kuzihamishia kaseti zote kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Akalikuta debe. Ndani yake kaseti moja imeandikwa kwa kalamu ya wino, MBOVU. Si maandishi yangu. Tumekuja kugundua kwamba mmoja wa wenzetu wa zamani aliwahi kuichukua arekodie tangazo la chanjo ya mbuzi, mashine ikamkatalia, akadhani ina kasoro, akaiandika mbovu akairudisha. Zuwena alikuwa aitupe. Akasema ngoja niipe nafasi. Akaitia, akasikia mimi nalia mara tano. Ikafika kimya, na wakati huo adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaondoka kwenda kuswali akaiacha inakwenda yenyewe. Hakuwa na sababu ya kusubiri wala ya kuzima. Aliporudi, kompyuta ikamwonyesha kwamba nyuma ya kile kimya pana sauti ya mtu.

Akaja kwangu jioni ile ile. Nilikuwa namenya mbatata, nyengine zimo motoni.

"Bi Riziki, shikamoo. Kuna mtu nataka umsikilize."

"Marahaba mwanangu. Mtu gani?"

"Simjui. Ila yeye akujua." Akanitia vile vidude vya masikioni, akanishika mkono. "Na usinizimie. Najua unavyopenda kuzima."

Kimya. Lakini nilikuwa sijawahi kukipa nafasi kimya kile. Kilikuwa cha chumba chetu. Feni ya dari yenye ule mguno wake. Mkasi wa Bwana Kanji unakata kitambaa kwa chini, chaaa. Pumzi ya mtu. Udi unawekwa juu ya meza, mwili wake wa mbao unagusa, nyuzi zinatoa mlio mdogo. Mtu anasafisha koo. Dakika nne hivi, naye yumo, anafikiri. Ndipo adhana inaanza kwa mbali, kiti kinasogea, na Faki anasema, karibu kabisa, kama kaisogelea kanga:

"Riziki. Yakhe, hii mashine waiwacha hapa kama tulivyowawachia wale wa Micheweni, wadhani miye sijui?" Akacheka kwa pua. "Haya, nshakubali. Wataka kuupiga, upige. Lakini vunja meno leo leo, nakujua weye, usije ukanifuta."

Kisha mlango, ngazi, basi.

Zuwena alinishika mpaka nikatulia. Mbatata zikaungua.

Alikuwa amejua. Tangu siku ile ile, kabla jua halijatua, alikuwa amekwisha kusema ndiyo. Miezi yote ile nabeba mkoba namwogopa, jibu lilikuwa mle mle ndani, nyuma ya kimya cha dakika nne ambacho kidole changu hakikuweza kukingojea. Na yeye labda kila saa kumi na nusu alikuwa akikaa nyuma ya mashine anangoja nikipige kile kipande, na mimi sikipigi. Hilo ndilo linaloniuma, wanangu. Udi wake sitausikia tena, nimeshakubali. Lakini kumngojesha mtu vile!

Basi sina mafundisho mengi ya kuwapa. Soksi nimeshawaambia. Zuwena ameniuliza kama tuirushe hewani sauti ya Faki kwenye Tua Mzigo ya kwanza ya jengo jipya. Nimesema ndiyo, maana ruhusa tunayo ya mwenyewe. Nimemwomba jambo moja, nanyi mtakaokuwa kwenye mashine siku hiyo nawaomba pia. Msiniwekee udi wa mtu mwengine badala yake. Fungueni kwa yale maneno yake, wazima sote, hajafa mtu, tua mzigo, kisha kiachieni kile kimya kipite chote, feni na mkasi na pumzi, dakika zake nne. Watu wa Wete watapiga simu kuuliza kama redio imekufa. Msishike simu.

Kaseti yenyewe Zuwena kaniachia. Ipo hapa mezani; nilikuwa nimeanza kuiweka chini ya ule mguu mfupi, nikaona haya nikaiondoa. Upande wa kushoto wa mgongo wake pana tundu, na ukipitisha kidole unasikia pale ufunguo ulipochimba, pamechimbika zaidi ya ilivyohitajika. Lile tangazo la mbuzi lingemfuta mara ya pili, lisingekuwa tundu hilo. Kwa hivyo nilimtii Faki. Nilichelewa, lakini niliyavunja.